Ngoma ya Kukaa

Nchi yenyewe siitaji. Si kwa woga. Ni kwa heshima tu, maana ina majina mengi ya kujiita na yote mazuri. Imewahi kujiita Lulu, ikajiita Pepo ya Dunia, na mwaka wa kisa hiki ilikuwa imejipa jina la Kitanda cha Ulimwengu, baada ya Waziri wa Ukarimu na Mandhari kuchunguza na kuthibitisha kwamba hakuna nchi nyingine iliyokwisha kujiita hivyo.

Waziri huyo, Mheshimiwa Bahati Kikoromeo, alikuwa mtu wa bidii. Wasiomtakia mema walisema jina la ukoo wake lilikuwa ndicho kiungo pekee cha mwili wake kilichofanya kazi. Mimi sisemi hivyo. Mimi nasema alikuwa mtu wa hotuba, na kwamba katika nchi ile hotuba ni kazi, tena yenye gari na dereva.

Ndiye aliyetunga Sheria ya Utulivu wa Mandhari. Chanzo chake kilikuwa picha. Mtalii mmoja alijipiga picha katika ufuko wa Kisiwa cha Shungi, na nyuma yake akatokea mwenyeji amesimama anaitazama bahari, mikono mitupu, hana alifanyalo. Picha ikaenda ng'ambo. Mtu mmoja huko, asiyejulikana kwa jina wala kwa cheo, akauliza: yule nyuma anangoja nini? Basi Waziri hakupata tena usingizi. Ilitumwa tume ikazunguka nchi tatu zenye bahari nzuri kutafuta jibu. Ilirejea imenawiri, na pendekezo moja: mwananchi akionekana mchangani mbele ya hoteli, sharti awe ameshika kitu. Sinia, ufagio, ngoma, dafu, au mzigo wa mgeni. Mikono mitupu, ilisema sheria, ni uchafu wa macho.

Kwa kuwa sheria ilikuwa ya haki, haikumkataza mwananchi kuingia ufukweni. Ilimtaka tu asiingie bure.

*

Sasa palikuwa na mama mmoja aitwaye Mgeni Makame. Alizaliwa papo hapo Shungi, katika kijiji cha Mtondooni, kilichokuwa mahali ilipo leo Hoteli ya Pepo Tulivu. Alipokuwa mwari aliyekwisha kuposwa, serikali ilikuja kijijini na tingatinga pamoja na hotuba. Tingatinga lilibomoa nyumba, na hotuba ikaeleza kwamba nyumba hazikubomolewa, zimesogezwa mbele. Watu wakahamishiwa nyuma, kwenye mawe, ukajengwa ukuta, wakaambiwa kwamba huko nyuma ndiko mbele kwenyewe.

Mgeni hakukaa sana kwenye hayo mawe. Aliolewa na Shaame Ngwali, dereva wa lori, akahamia mji mkuu ng'ambo ya maji. Mume aliendesha lori mpaka viganja vikawa vigumu kama kandambili. Mke alichoma vitumbua mlangoni. Wakamlea binti yao wa pekee, Raya, ambaye alipokua alikwenda nchi za baridi kuuguza wazee wa watu, na kila alipomgeuza kitandani mzee wa watu alimkumbuka wa kwake.

Raya ndiye aliyewaza kuwapa wazazi wake mapumziko. Alijua mama yake hajaoga maji ya Shungi tangu ujana, na baba yake hajawahi kulala kitanda kilichotandikwa na mtu asiyemjua. Akaitafuta ile hoteli katika mtandao. Hoteli hupokea wageni tu. Mashine ikamuuliza: atakayelala ni nani? Raya akaandika jina la mama yake. Mashine ikaridhika, ikasema karibu.

Walipofika mapokezi, wamevaa vizuri, mke kajitanda kashida mpya, binti wa kaunta alitazama nyuma yao.

"Mgeni mwenyewe yuko wapi?" akauliza.

"Ndiye mimi."

"Namaanisha mgeni mwenyewe, mama. Siyo aliyetangulizwa na mizigo."

"Mgeni mwenyewe ndiye mimi," akasema Bi. Mgeni, "na huyu hapa mume wa Mgeni."

Binti akaenda kumwita meneja.

Meneja, Bwana Melkiori, alikuwa mzaliwa wa kisiwa cha jirani, lakini tangu aliposomea hoteli nje kwa miezi michache alikizungumza Kiswahili kama anayekionja kujua kama kimeiva. Aliwatazama wazee wale, akaitazama mashine, akaiuliza mashine mara ya pili. Mashine haikubadili neno. Chumba kimelipiwa, na aliyelipiwa ni Mgeni. Bwana Melkiori akaona jambo hili limevuka cheo chake, akampigia simu Waziri.

Waziri alipokea akiwa katikati ya hotuba, akaiacha hotuba ijiendeshe yenyewe kwa muda. Alipoelewa, alicheka kwa furaha. Keshokutwa yake walikuwa wanakuja majaji wa Tuzo ya Kisiwa Bora, watu wazito kutoka ng'ambo. Mwaka uliopita Shungi ilishindwa kwa sababu majaji waliuliza kama wananchi nao hulala katika hoteli hizi, wakatafutwa wananchi, hakupatikana hata mmoja. Sasa hawa wamejileta wenyewe. Waziri akaamuru wapewe chumba chao, wale, walale, na wafurahi kwa kiwango cha kitaifa.

"Ila kuna jambo dogo," Bwana Melkiori akawaeleza wazee baada ya simu. Ndani ya hoteli, alisema, wao ni wageni kamili, kwa kuwa hoteli ni ya kampuni. Lakini mchanga ni wa Wizara. Wakishuka ngazi ya mwisho tu wanakuwa wananchi tena, na sheria inawahusu. Kwa hiyo wakitaka kwenda baharini, wachague cha kushika. Akawafungulia kabati. Mlikuwa na mafagio mapya, masinia, na madafu ya plastiki yaliyopakwa rangi ya kijani.

Mzee Shaame alilishika dafu moja, akalipima uzito, akalirudisha. Alisema miaka yote ameshika usukani wa watu, na safari hii amekuja kupumzisha mikono. Alilisema kwa upole, akicheka, na meneja naye akacheka, kila mmoja akidhani mwenzake amekubali.

*

Chumba kilikuwa kizuri. Sitaki kusema uongo kwa sababu tu nasimulia kejeli. Kitanda kilikuwa kipana kiasi kwamba wazee wale walilala usiku wa kwanza kila mtu pembeni mwake wakiitana. Dirisha lilitazama bahari. Na juu ya kitanda palitundikwa picha kubwa ya rangi, yenye vibanda vya makuti, kisima, na mwanamke anayechota maji. Chini yake pameandikwa: Kijiji cha Asili.

Bi. Mgeni alisimama mbele ya picha ile muda mrefu. Kisima alikijua. Kilikuwa cha Mtondooni, chenye ukingo uliovunjika upande mmoja, na aliyeuvunja alikuwa kaka yake kwa nyundo. Hapo akaelewa kwamba serikali haikukisahau kijiji. Ilikivunja, kisha ikakichora.

Asubuhi kwenye kifungua kinywa, mtalii wa meza ya jirani alimpa kikombe chake amletee kahawa. Bi. Mgeni akaenda akamletea, maana hakulelewa kumnyima mtu kahawa. Meza ya pili nayo ikampa kikombe. Mzee Shaame akamwambia mkewe akae chini ale, la sivyo watamwachia na vyombo. Mkewe akakaa, lakini kila aliyepita alimwuliza maembe yako wapi.

Baada ya chai alishuka mchangani akiwa ameshika sinia, kwa kuwa hakutaka ugomvi siku ya kwanza. Chini ya kivuli cha makuti alimkuta mwanamke anasuka ukili. Walitazamana. Alikuwa Mize, aliyecheza naye kombolela huko Mtondooni. Walikumbatiana kwa haraka, kwa sababu kukumbatiana kunahitaji mikono miwili na kila mmoja alikuwa na moja tu ya kutumia.

Mize alimweleza mambo yalivyo. Yeye ameajiriwa na hoteli kusuka. Anasuka mchana kutwa, na jioni anaufumua ukili wote.

"Kwa nini unaufumua, shoga?"

"Mkeka ukiisha nitakuwa sina nilichoshika," Mize akasema. "Mtu wa kwanza aliyekuwa hapa aliumaliza. Wakamfukuza siku ile ile."

Akaendelea kumsimulia, macho yakiwa kwenye kazi, kwamba watu wa nyuma ya ukuta hawaoni bahari siku hizi ila wakipanda juu ya paa. Watoto wa Mtondooni wanakua hawajui kuogelea, watoto wa kisiwa. Mwaka jana mmoja alizama kisimani. Bi. Mgeni alitamani kujitosa baharini saa ile ile, lakini huwezi kuoga na sinia. Alirudi chumbani akaoga maji ya bomba, akalia kidogo chini ya bomba, na alipotoka alimwambia mumewe kwamba sabuni imemwingia machoni.

*

Siku ya pili Mzee Shaame aliamka mapema, akamwacha mkewe kitandani. Alishuka ngazi ya mwisho hana fagio wala sinia wala dafu. Alitembea mpaka kwenye kitanda cha ufukweni, akajinyoosha, akaweka viganja vyake vigumu juu ya tumbo, akafumba macho. Aliniambia baadaye kwamba katika maisha yake yote hapakuwa na starehe iliyomfika mifupani kama ile. Haikudumu.

Koplo Machano, askari wa Mandhari, alisimama juu yake akamzibia jua. Alimuuliza ameshika nini.

"Tumbo langu," akasema Mzee Shaame.

Koplo alikuwa kijana mwenye adabu na alimwita baba kila baada ya maneno mawili. Alifikiri. Akasema tumbo halimo katika sheria, baba. Mzee akamwambia yeye ni mgeni wa hoteli, chumba chake kile pale, pazia lile. Koplo akakubali kwamba pazia analiona, lakini baba yuko mchangani, na mchangani hakuna mgeni mwenye sura ile. Akamkamata, kwa heshima zote, akamsaidia hata kuinuka.

Mahakama ya Ufukweni hukaa chini ya mwavuli wa rangi mbili. Mzee Shaame alipofikishwa pale, Koplo Machano alimwomba radhi, akavua kofia ya askari, akavaa ya hakimu, maana bajeti ya mwaka ule ilitosha kichwa kimoja. Hakimu alisikiliza ushahidi wa askari, akaukuta hauna pingamizi. Kosa la kuchafua macho adhabu yake ni kuyasafisha: mshitakiwa atasimama katika mandhari siku tatu, kutwa, ameshika dafu, anatabasamu.

Wakamvisha na vazi rasmi, sketi ya majani makavu. Katika kisiwa kile hakuna babu wala babu wa babu aliyewahi kuvaa majani. Wazee wa Shungi walivaa misuli na kanzu na walikuwa wepesi wa kumcheka anayevaa vibaya. Majani yale yaliagizwa kutoka nje, yakiwa na maandishi ya kiwanda kiunoni. Lakini watalii waliyapenda, na Wizara ilishasema kwamba asili ni kile ambacho mgeni amekuja kukiona.

Bi. Mgeni alipofungua pazia alimwona mumewe chini kwenye jua, amevaa majani, ameshika dafu la plastiki. Alidhani macho yamemdanganya. Alishuka bila hata kufunga mlango.

"Baba Raya, wamekufanya nini?"

"Nimeajiriwa," akasema mzee. Alijaribu kucheka. Jasho lilikuwa linamtiririka masikioni. "Rudi ndani, mama, utachomwa na jua."

Alikuwa na presha yule mzee, tena ya miaka. Bi. Mgeni alikwenda kwa meneja akamwambia hivyo, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayejizuia asipige kelele katika nyumba ya watu. Bwana Melkiori alisikitika sana. Alisema presha ni jambo baya, mama yake mzazi aliondoka nayo. Lakini hukumu ni ya Wizara. Kuhusu kivuli, alisema, kivuli kingemficha mzee asionekane, na hapo adhabu ingekuwa haina maana. Bi. Mgeni akaomba basi angalau apewe maji. Meneja akamkumbusha kwamba mzee ana dafu.

"Dafu ni la plastiki," akasema Bi. Mgeni.

"Ndiyo," akasema meneja, "lakini wageni hawajui."

Akamshauri asubiri. Alasiri Waziri mwenyewe anakuja na majaji. Avae kanga nzuri, akae barazani, na akiulizwa aseme amefurahi. Waziri akifurahi naye pengine atamwonea huruma mzee. Kisha akamwomba afanye mazoezi kidogo ya kufurahi. Bi. Mgeni akafanya. Bwana Melkiori akasema aongeze meno.

*

Majaji walikuwa wanne, na mkuu wao alikuwa bibi mmoja mrefu wa ng'ambo, mwenye kofia pana na macho yasiyo na haraka. Waziri aliwatembeza barazani akihutubia, na Bwana Melkiori akitafsiri. Nimebahatika kupata nakala ya hotuba ile. Ina sehemu nzuri. Waziri alisema katika nchi yetu bahari ni ya wote, na ndiyo maana inalindwa na wote dhidi ya wote. Alisema mwananchi wetu ana mikono miwili kwa sababu Mungu alijua atakuwa na mengi ya kuhudumia. Alisema, hatimaye, kwamba wapo wanaodai wenyeji hawalali katika hoteli hizi, na kwamba jibu lake kwao amekaa pale kwenye kiti, amevaa kanga.

Wote wakamgeukia Bi. Mgeni. Mbele yake, pale chini mchangani, Mzee Shaame alikuwa ameanza kuyumba. Hakuwa akitabasamu tena. Alikuwa ameuma meno, na kwa mbali ilifanana.

Bibi mwenye kofia alimuuliza jambo. Meneja akatafsiri: anauliza kama umefurahi.

"Mwambie ninamshukuru kwa kuuliza."

Meneja akatafsiri kwa maneno mengi zaidi ya hayo. Yule bibi akauliza jingine: amekuja peke yake?

"Nimekuja na mume wangu."

"Yuko wapi?"

Waziri alimkazia macho. Meneja naye alimkazia macho. Bi. Mgeni akanyoosha mkono.

"Yule pale, aliyevaa majani."

Bwana Melkiori hakutafsiri. Lakini kidole hakihitaji mkalimani, na bibi mrefu alishakifuata kwa macho mpaka mchangani. Waziri akaingilia haraka kueleza kwamba yule ni msanii, ni kazi yake, anaipenda. Alipokuwa anaeleza, Bi. Mgeni aliinuka, akashuka ngazi ya kwanza, akashuka ya mwisho, akaingia mchangani mikono mitupu.

Alimwendea mumewe, akampokonya dafu lile akalitupa. Halikuvunjika, liliruka-ruka tu likajiviringisha majini.

"Kaa chini, Baba Raya."

"Wataniongezea siku."

"Waongeze. Wewe kaa."

Yeye akatangulia kukaa, akakunjua miguu, kanga ikatandazika mchangani. Mzee akamtazama, akakaa kando yake. Bi. Mgeni akavua mtandio akamfunika kichwa. Wakabaki wanaitazama bahari, hawafanyi kitu.

Koplo Machano aliinua filimbi. Chini ya makuti Mize aliusimamisha mkono. Aliutazama ukili, akaulaza chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto, akaja akakaa upande wa pili wa Bi. Mgeni. Mpiga ngoma aliweka ngoma. Mzee wa fagio aliegemeza fagio kwenye mnazi. Mmoja baada ya mwingine watumishi wa mandhari walikuja wakakaa mchangani, safu nzima, na mikono yao mapajani.

Filimbi ilikuwa mdomoni kwa Koplo, na Koplo alimtazama Waziri. Waziri alikuwa na la kuchagua: awakamate wananchi wote mbele ya majaji, au awaachie wachafue macho. Hapo ndipo ukubwa wa mtu huonekana. Bibi mwenye kofia alipouliza, kwa sauti ndogo, hiki ni kitu gani, Mheshimiwa Kikoromeo alimeza mate mara moja tu.

"Hii," akasema, "ni Ngoma ya Kukaa. Ngoma ya kale sana. Babu zetu waliicheza."

Na hilo ndilo neno la kweli pekee alilopata kulisema katika utumishi wake, ingawa alilisema kama uongo.

Majaji walisisimka. Walisema wamezunguka visiwa vingi, kila mahali wanaruka, wanapiga makelele, wanameza moto, na hawajaona ngoma yenye utulivu kama ile. Bibi mrefu alivua viatu, akashuka, akaenda akakaa nyuma ya Mzee Shaame, akavua kofia yake pana akamvisha. Mtu akaleta maji, maji ya kweli. Mzee alikunywa mpaka bilauri ikalia. Rangi ikaanza kumrudia, na Bi. Mgeni, aliyekuwa hajapumua vizuri tangu asubuhi, akapumua.

Shungi ikashinda tuzo.

*

Sasa angalieni jinsi serikali yenye akili inavyofanya kazi. Kabla ya wiki kwisha, Ngoma ya Kukaa ilikwisha kutangazwa kuwa urithi wa taifa. Kukaundwa Idara ya Kukaa, chini ya Mkurugenzi wa Kukaa, ambaye kwa shughuli nyingi za ofisi hakupata nafasi ya kuketi. Maofisa walipelekwa semina bara kujifunza mikao, nao wakarudi na mikao saba, mmoja ukiitwa Mwambao na mwingine Matumaini. Waziri alipewa joho na chuo kimoja kwa uchunguzi wake juu ya babu zake. Mzee Shaame alisamehewa siku zilizobaki, kwa barua iliyomtaka ashukuru.

Na kwa kuwa watalii sasa walikuja kwa ajili ya ngoma, na wachezaji walikuwa wachache, amri ikatoka kwamba wananchi walioko nyuma ya ukuta waletwe. Mlango ulitobolewa ukutani. Ngoma itaanza alasiri na kwisha filimbi itakapolia, kila mtu arudi kwake.

Siku za wazee wale hotelini zilikuwa zimekwisha, lakini hawakuondoka. Walihamia kwa Mize, kwenye mawe. Siku ya kwanza mlango ulipofunguliwa, Bi. Mgeni alipita pamoja na watu wa Mtondooni, vikongwe waliokuwa hawajakanyaga mchanga ule tangu tingatinga, na watoto ambao hawajaukanyaga kabisa. Walikuja na mikeka. Walikuja na chupa za chai, mihogo, kachumbari katika mabakuli. Koplo Machano aliuliza kama chakula kimo katika ngoma. Bi. Mgeni akamwambia ndicho mdundo wake. Koplo akaandika hivyo.

Kisha Bi. Mgeni alivua ushungi, akajifunga kanga kifuani, akaingia majini na watoto wote. Maji yalimfika kiunoni, yakamfika kifuani, akazama. Alipoibuka alikuwa anacheka na kukohoa. Mzee Shaame, amejinyoosha mkekani na viganja juu ya tumbo, alimpigia kelele asiende mbali, naye hakusikia. Alasiri yote aliwafundisha watoto kuelea, mmoja mmoja, kiganja chake chini ya migongo yao, na watalii walipiga picha wakisema ni mkao wa nane.

Waziri alikuwepo barazani na ujumbe wa ng'ambo. Alihutubia. Alipomaliza alitoa ishara kwa kichwa, na Koplo akapuliza filimbi.

Hakuna aliyeinuka.

Koplo akapuliza tena, akidhani upepo umeichukua. Mize alimimina chai. Kikongwe mmoja aligeuka upande wa pili, akauweka vizuri mkono chini ya kichwa. Waziri alitabasamu kwa wageni wake, akashuka ngazi, akatembea mchangani kwa viatu vyake vya ngozi mpaka alipokaa Bi. Mgeni, ambaye alikuwa ametoka majini na anakamua kanga.

Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba filimbi imelia.

"Tumeisikia, Mheshimiwa," akasema Bi. Mgeni. Akajisogeza kidogo mkekani, akaitazama bahari. "Lakini ngoma haijaisha."